Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Huduma za Afya: Mwanamke Anayekoma Hedhi Aelezwe Kabla ya Kuamua

Waheshimiwa mawaziri wa afya, wakuu wa vyuo vya udaktari na uuguzi, wakurugenzi wa hospitali na nyote mnaosimamia huduma za afya ya wanawake,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia kuhusu jambo linalomfikia kila mwanamke anayejaliwa umri, nalo ni kukoma kwa hedhi. Kila mwaka, tarehe 18 Oktoba, huadhimishwa siku ya kimataifa ya jambo hili, hotuba hutolewa, na wanawake huhakikishiwa kwamba hali hii ni ya kawaida na wasiiogope. Nashukuru kwa hilo. Lakini mwanamke aliyekwisha kuambiwa asiogope bado anabaki na maswali ya kuamua: aende hospitali au avumilie, atumie homoni au dawa nyingine, aanze sasa au angoje, na akishaanza aache lini. Ombi langu kwenu ni kwamba anapofika mbele ya maswali hayo awe na taarifa za kutosha, zinazohusu mwili wake na umri wake, ili uamuzi uwe wake kweli. Kwa jinsi mambo yalivyo, wanawake wengi huamua kwa kubahatisha, na wengine huamuliwa bila hata kujua kwamba palikuwa na uamuzi.

Nianze na muda. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55, na kitabibu hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale miezi 12 mfululizo inapopita bila damu na bila sababu nyingine ya kuizuia. Hilo hufundishwa. Kisichosemwa waziwazi ni kwamba mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla ya hedhi ya mwisho, wakati mwanamke bado anaona siku zake hata kama zinakuja kwa kuvurugika, na kwamba dalili zinaweza kuendelea miaka mingi baadaye. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN, ambao umewafuatilia wanawake tangu miaka ya 1990, ulionyesha katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 kwamba nusu ya wanawake waliopata joto la ghafla na jasho la usiku mara kwa mara walikaa na hali hiyo kwa zaidi ya miaka 7.4. Kwa wanawake Weusi wa nchi hiyo, kipimo hicho kilifika miaka 10.1.

Naomba mtafakari maana ya tarakimu hizo kwa mtu anayetakiwa kuamua. Mwanamke wa miaka 47 anayeamka usiku mara tatu au nne, nguo ya kulalia ikiwa imemganda mwilini kwa jasho, na anayeambiwa kwamba itapita tu, hujipanga kuvumilia kwa miezi michache. Angeambiwa kwamba huenda ikawa miaka saba, na kwamba tiba ipo, pengine angeamua vingine na pengine asingeamua vingine, lakini angekuwa ameamua huku akijua mzigo anaoubeba. Usingizi uliokatika kwa miaka huingia kazini, huingia katika ndoa, na huingia katika hasira ambayo watoto nyumbani hawajui imetoka wapi. Kumwambia mtu avumilie ni ushauri wa kitabibu kama ushauri mwingine wowote, na anayeutoa anawajibika kusema ni kuvumilia kwa muda gani, na mwenye kuvumilia atapoteza nini.

Nije sasa kwenye tiba ya homoni, na hapa naomba ruhusa ya kukaa kidogo, kwa sababu ndipo taarifa zilipoharibika zaidi.

Mwezi Julai 2002 watafiti wa Marekani walisimamisha kabla ya wakati sehemu moja ya utafiti uitwao Women's Health Initiative. Sehemu hiyo ilikuwa na wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79 ambao bado walikuwa na mfuko wa uzazi. Takriban nusu yao walimeza kidonge chenye estrojeni, homoni ya kike ambayo hupungua hedhi inapokoma, na projestini, dawa inayofanya kazi kama homoni nyingine ya kike, na waliobaki walimeza kidonge kisicho na dawa. Habari iliyozunguka dunia ilikuwa kwamba homoni zinaongeza saratani ya matiti kwa asilimia 26. Wanawake wengi wakaacha dawa zao, na madaktari wengi wakaacha kuziandika. Tarakimu ile haikuwa ya uongo. Hata hivyo matokeo yaleyale yangeweza kuelezwa hivi: kati ya wanawake 10,000 wasiotumia homoni, 30 waligundulika na saratani ya matiti kwa mwaka, na kati ya wanawake 10,000 waliozitumia waligundulika 38. Ni wanawake wanane zaidi katika kila elfu kumi. Mwanamke anayesikia asilimia 26 peke yake huelewa kwamba katika kila watumiaji wanne mmoja ataugua, na hapaswi kulaumiwa kwa kuelewa hivyo, kwa sababu hakuambiwa ni asilimia 26 ya nini.

Wanane hao ni watu, na sisemi wapuuzwe. Katika hesabu hiyohiyo kulikuwa na wanane zaidi waliopata kiharusi, saba zaidi waliopatwa na maradhi ya moyo, na wanane zaidi ambao damu yao iliganda na kuziba mishipa ya mapafu, na kwa upande wa pili waliovunjika nyonga walipungua kwa watano na waliopata saratani ya utumbo mpana walipungua kwa sita. Mwanamke ambaye mama yake alifariki kwa kiharusi ataisoma hesabu hiyo kwa jicho lake, na yule ambaye bibi yake alivunjika nyonga asiinuke tena kitandani ataisoma kwa jicho jingine. Wote wawili wana haki ya kufanya hivyo. Kazi ya mhudumu ni kuiweka hesabu yote mbele ya mwanamke, kwa idadi ya watu na kwa muda unaojulikana, pamoja na hesabu ya kile kitakachotokea asipotumia chochote, kisha mwenye mwili apime lipi lina uzito kwake.

Kilichofichika zaidi katika habari za mwaka 2002 ni kwamba wanawake waliochunguzwa walikuwa na wastani wa umri wa miaka 63, ilhali wengi wanaofika hospitalini kuomba msaada wako karibu na miaka 50. Uchambuzi wa baadaye uliwafanya wataalamu wa vyama vikuu vya fani hii wafikie msimamo kwamba, kwa mwanamke mwenye afya njema aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajafikisha miaka kumi tangu hedhi ikome, na anayesumbuliwa na dalili, faida za homoni kwa kawaida huzidi madhara. Kwa anayeanza akiwa na umri mkubwa zaidi hesabu hubadilika. Hubadilika pia kwa mwanamke aliyekwisha kutolewa mfuko wa uzazi, ambaye hutumia estrojeni peke yake: sehemu ya utafiti iliyowahusu wanawake wa namna hiyo ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini saratani ya matiti haikuongezeka kati yao, na waliofuatiliwa kwa miaka mingi walionekana kuwa nayo kwa uchache zaidi. Mwenye mfuko wa uzazi hawezi kufuata njia hiyo, kwa sababu estrojeni bila projestojeni, yaani jamii ya homoni ambamo projestini imo, hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko na kuongeza hatari ya saratani mahali hapo. Hata namna ya kutumia dawa ina maana yake, kwani estrojeni inayopita kwenye ngozi, kwa jeli au kwa plasta ya kubandika, haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama ilivyo kwa vidonge vya kumeza.

Kwa hiyo swali la kama homoni ni salama halina jibu moja linaloweza kubandikwa ukutani. Lina jibu kwa mwanamke wa miaka 51 mwenye mfuko wa uzazi na asiye na maradhi, lina jibu lingine kwa mwenye miaka 68, na lingine kabisa kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti au ambaye damu yake iliwahi kuganda kwenye mishipa. Mhudumu anayetoa jibu moja kwa wote hawa hajatoa taarifa.

Kuna karatasi moja ambayo ningependa kila mmoja wenu aishike mkononi. Mwanamke mwenye ukavu ukeni, anayeumia wakati wa tendo la ndoa, au anayerudiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, anaweza kuandikiwa krimu au kidonge cha kuweka ukeni chenye estrojeni kidogo sana, ambayo ni sehemu ndogo tu yake inayoingia katika damu. Akifika nyumbani anafungua boksi, anakunjua karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye herufi ndogo zinazojaza pande zote mbili, na anasoma juu ya kiharusi, saratani ya matiti na kupoteza kumbukumbu uzeeni. Nchini Marekani, kwa zaidi ya miaka 20, onyo hilo liliandikwa kwa dawa hizi za ukeni kama lilivyoandikwa kwa vidonge vilivyochunguzwa katika utafiti ule, na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitangaza Novemba 2025 tu kwamba inaanza kuliondoa. Mwanamke akishaisoma anaikunja, anairudisha ndani, na boksi linakaa kabatini mpaka dawa inaisha muda wake. Akirudi kliniki na maumivu yaleyale huandikwa kwamba hakufuata maelekezo, ilhali alifuata maelekezo pekee aliyopewa kwa maandishi.

Nasema haya bila kuwa mpiga debe wa homoni. Siku hizi upepo umeanza kuvuma kutoka upande wa pili, na homoni zinatangazwa kama kinga ya uzee, ya moyo na ya kumbukumbu. Hapa pia mwanamke anahitaji ukweli wote. Katika utafiti uleule wa Women's Health Initiative, wanawake wenye miaka 65 na zaidi waliotumia estrojeni pamoja na projestini walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa wingi zaidi kuliko wenzao, na jopo la Marekani linaloshauri kuhusu huduma za kinga lilirudia mwaka 2022 ushauri wake kwamba homoni zisitumiwe kwa lengo la kuzuia magonjwa sugu tu kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Kutibu joto la ghafla linalomnyima mtu usingizi ni jambo moja, na kumeza dawa kwa ahadi ya kubaki kijana ni jambo lingine. Aliyetishwa wakati ule na anayeshawishiwa sasa wote wamenyimwa hesabu.

Naomba sasa niwaeleze habari za dada yangu, ambaye ameniruhusu. Alitolewa mfuko wa uzazi pamoja na ovari zote mbili, yaani viungo vinavyotoa mayai na homoni za kike, akiwa na miaka 41, kwa upasuaji ambao sina shaka kwamba ulihitajika. Karatasi aliyopewa wakati wa kuruhusiwa niliisoma mwenyewe. Ilieleza jinsi ya kukitunza kidonda, uzito ambao asiunyanyue, siku ya kurudi kutolewa nyuzi, aina za vidonge vya maumivu na saa za kuvimeza. Haikuwa na hata mstari mmoja juu ya ovari. Muda mfupi baadaye alianza kulowa jasho usiku, moyo ukimwenda mbio, na mchana alikuwa akilia bila kujua analilia nini. Tukadhani kidonda kimepata maambukizi. Akapewa antibiotiki, dozi ikaisha, hali ikabaki ileile. Aliyetufumbua macho ni muuguzi mmoja tuliyefahamiana naye, aliyetuambia kwa upole kwamba hedhi yake ilikoma palepale kwenye meza ya upasuaji.

Ovari zikitolewa, estrojeni hushuka kwa ghafla, na dalili zinaweza kuwa kali kuliko za yule ambaye hedhi yake inakoma polepole kwa miaka. Zaidi ya hapo, mwanamke anayekoma hedhi mapema, iwe kwa upasuaji, kwa dawa za saratani au kwa sababu isiyojulikana, hukaa miaka mingi bila estrojeni, jambo linaloathiri mifupa na moyo, na ndiyo maana miongozo ya kitabibu hushauri kwamba, kama hakuna kizuizi kama saratani ya matiti, apewe homoni angalau mpaka afikie umri ambao hedhi hukoma kwa kawaida. Hatari zilizohesabiwa kwa wanawake wa miaka 63 hazimhusu kwa namna ileile, kwa kuwa anarudishiwa kile ambacho wenzake wa umri wake bado wanacho. Dada yangu hakuambiwa lolote kati ya haya. Hakuulizwa kabla ya upasuaji kama ovari zinaweza kubaki, wala hakuambiwa baada yake kwamba kuna uamuzi unaomsubiri. Sahihi yake iko kwenye fomu ya ridhaa, nami sijui aliridhia nini. Inakadiriwa kwamba angalau mwanamke mmoja katika kila mia hukoma hedhi kabla ya miaka 40, na kwa hao kila mwaka unaopita bila maelezo ni hasara kwa mifupa yao.

Yako maamuzi mengine ambayo huonekana madogo, na nitayapitia kwa haraka. Mwanamke aliyevuka miaka 45 na mwenye dalili za kawaida kwa ujumla hahitaji kipimo cha damu ili kujua kwamba anaelekea kukoma hedhi, na mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza umekuwa ukisema hivyo tangu mwaka 2015, kwa sababu homoni hupanda na kushuka mno katika kipindi hiki hata kipimo cha leo hakisemi lolote la kuaminika juu ya mwezi ujao. Chini ya miaka 40, kinyume chake, vipimo ni vya lazima. Ni wanawake wangapi wamelipia vipimo wasivyovihitaji, na wangapi wadogo kwao wamenyimwa wanavyovihitaji, kwa kukosa sentensi mbili hizi? Vilevile mwanamke anapaswa kujua kwamba kuvurugika kwa hedhi hakumaanishi kwamba hawezi tena kushika mimba. Ushauri wa kawaida ni kuendelea na uzazi wa mpango kwa miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho kwa aliye chini ya miaka 50, na kwa mwaka mmoja kwa aliyevuka umri huo, na tiba ya homoni ya kawaida haizuii mimba.

Damu inayotoka baada ya miezi 12 ya ukimya lazima ichunguzwe, na ichunguzwe mapema. Mara nyingi chanzo chake si saratani, lakini saratani ya mfuko wa uzazi mara nyingi hujitangaza kwa damu ya namna hiyo, na ikiwahiwa hutibika vizuri. Wako wanawake wanaofurahi kwamba ujana umerudi, na wako wanaoona haya kusema. Hakuna taarifa fupi kuliko hii, wala inayookoa maisha zaidi, na bado mwanamke anaweza kumaliza miaka kumi ya kwenda kliniki kwa shinikizo la damu bila mtu kumwambia.

Kwa wale ambao homoni hazifai, au ambao wamezifikiria wakazikataa, jibu la kwamba hakuna la kufanya si la kweli. Baadhi ya dawa za sonona hupunguza joto la ghafla hata kwa asiye na sonona, ingawa mwanamke anayetumia tamoksifeni kwa ajili ya saratani ya matiti anapaswa kuambiwa kwamba paroksetini, mojawapo ya dawa hizo za sonona, inaweza kupunguza nguvu ya dawa yake hiyo. Ushauri wa kisaikolojia unaomfundisha mtu kubadili fikra na mienendo husaidia, hasa kwa usingizi na kwa namna joto lile linavyomsumbua. Fezolinetanti, dawa isiyo ya homoni iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2023, hutuliza sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili, na mwaka 2024 iliongezewa onyo zito kuhusu ini, kwa hiyo anayeitumia anahitaji vipimo. Kuhusu mitishamba na virutubisho vinavyouzwa kwa jina la kukoma hedhi, ushahidi wa vingi kati ya hivyo ni hafifu na unapingana, na viwango vya kilichomo kwenye chupa havisimamiwi kama dawa. Mwanamke anayevitumia asikemewe. Aulizwe anatumia nini, ili ajulishwe kama kinagongana na dawa nyingine anazomeza.

Waheshimiwa, lawama nyingi hupewa mhudumu aliyeko dirishani au kwenye chumba cha daktari, nami sitaki kuongeza. Mtu aliyefundishwa kwa kina kuhusu mimba na kuzaa, na ambaye kuhusu kukoma hedhi aligusiwa tu katika somo moja, atatoa alichonacho. Aliyepewa dakika chache kwa kila mgonjwa, na foleni ikiwa nje ya mlango, hawezi kueleza tofauti ya asilimia na idadi ya watu. Mambo hayo mawili, mtaala na muda, yako mikononi mwenu. Somo la kukoma hedhi liwe la lazima na litahiniwe kwa madaktari, wauguzi, wakunga na wafamasia, na mazungumzo haya yatambuliwe kama huduma kamili yenye muda wake katika ratiba, kama ilivyo kwa kliniki ya wajawazito. Yasifanyike penye watu wengine wanaosikiliza, kwa sababu ukavu ukeni na kukosa hamu ya tendo la ndoa havitajwi mbele ya foleni, na kisichotajwa hakitibiwi.

Njia za kufanya kazi hii zimekwisha kutafutwa. Katika miaka ya 1990 Annette O'Connor na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitengeneza msaada wa kuamua kwa wanawake waliokuwa wakifikiria tiba ya homoni baada ya kukoma hedhi, yaani kijitabu na kanda ya sauti ambavyo mwanamke alivichukua na kuvipitia kwa nafasi yake kabla ya kuonana na daktari. Vilimweleza faida na madhara kulingana na hali yake mwenyewe, kisha vikamwomba aweke alama kuonyesha ni lipi lenye uzito zaidi kwake. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za afya, yanaonyesha kwamba watu wanaotumia misaada ya namna hii huwa na ujuzi zaidi, hukadiria hatari kwa usahihi zaidi, na huchagua yanayolingana zaidi na wanayoyathamini. Sauti ina maana kubwa hapa, kwa sababu si kila mwanamke anasoma, na anayesoma hasomi lazima lugha ya kitabibu. Simu iliyoko mkononi mwake leo inatosha kubeba kile ambacho wakati ule kilihitaji kanda.

Taarifa hizi zisingoje dalili. Mwanamke anayekuja kwa uzazi wa mpango akiwa na miaka 40, anayekuja kupimwa mlango wa kizazi, anayekuja kwa sukari au shinikizo, yuko tayari mbele yenu, naye aelezwe hapohapo kinachokuja na ishara zake. Kwa anayepangiwa upasuaji wa ovari au dawa za saratani, maelezo ya kukoma hedhi yaingizwe kwenye fomu ya ridhaa yenyewe, kwa maneno anayoyaelewa, na karatasi ya kuruhusiwa itaje tarehe ya kuonana na mtu atakayezungumza naye juu ya homoni. Mamlaka za dawa nazo zihakikishe kwamba karatasi iliyo ndani ya boksi inazungumzia dawa iliyo ndani ya boksi hilo, na kwamba kila hatari inayotajwa inaambatana na idadi ya watu.

Naomba mnijibu hadharani, kwa kuwa nimeandika hadharani, mkitaja ni nani katika ofisi zenu atakayeshika jukumu hili na mtaanza lini. Na rasimu ya kwanza ya kijitabu au ujumbe wowote mtakaoutayarisha, kabla haijaenda kwa mpiga chapa, wapeni wanawake wenyewe waisome au waisikilize, wakiwemo ndani yao waliotolewa ovari wakiwa vijana, waliopona saratani na wasiojua kusoma, kisha waulizeni wameelewa nini. Watakachoshindwa kuwaeleza kwa maneno yao wenyewe kiandikwe upya.

Wenu katika kuitafuta afya ya wanawake,

Mwanamke aliyekoma hedhi, kwa niaba yake na ya dada yake